Friza jipya haligandishi, muuzaji hataki kulirudisha: naomba ushauri wa sheria

Habari zenu wakuu. Nipo Kigoma mjini. Mwezi uliopita nilinunua friza jipya kwenye duka moja la vifaa vya umeme pale Mwanga, la kuuzia maji baridi na juisi. Risiti ya EFD ninayo, na kadi ya waranti ya mwaka mmoja imegongwa muhuri wa duka.

Friza linanguruma tu, haligandishi. Fundi wao alikuja, akajaza gesi, likashika siku chache likarudi palepale. Sasa muuzaji anasema umeme wa mtaani kwetu ni mdogo. Jirani yangu ana friza kuukuu, tuko laini moja, na barafu anauza kila siku! Nikidai wanibadilishie naonyeshwa maandishi ya chini ya risiti: "bidhaa ikishauzwa hairudishwi."

Ninavyojua, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kifae kwa kazi kilichonunuliwa, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inamlinda mlaji kupitia FCC (Tume ya Ushindani). Je, hayo maandishi ya risiti yana nguvu mbele ya sheria hizo?

Na nianzie wapi: barua ya madai kwa muuzaji, FCC, au moja kwa moja Mahakama ya Mwanzo? Nikimwita fundi wa nje aandike ripoti, si watasema nimevunja waranti? Hapo ndipo naogopa zaidi. Aliyewahi kudai akalipwa anieleze alivyofanya. Ya "achana nao, nunua lingine" sitaki, hela yenyewe ya kikoba.