Baba ana uvimbe kwenye umio, tunaambiwa atafutiwe altrasaundi ya 3D. Naombeni ushauri

Kijana wa Mbagala: Wakuu, shikamooni wakubwa. Mzee wangu chakula kinakwama kifuani. Ulianza ugali, sasa hata uji anausukumia kwa maji. Hapa Dar kapimwa kwa mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni, ukaonekana uvimbe, wakakata kinyama cha kupima maabara, majibu bado. Binamu yetu aliyeko India anasema bila altrasaundi ya 3D ya ndani ya umio, matibabu yatakuwa ya kubahatisha. Ukoo umeanza kuchangia nauli. Twende?

Nesi Upanga: Pole sana mdogo wangu. Binamu hajakosea kuhusu kifaa chenyewe. Ni mpira wenye altrasaundi nchani. Ukuta wa umio huonekana kama tabaka tano, nyeupe na nyeusi zikipishana, na daktari anaona uvimbe umezama hadi tabaka lipi na kama tezi za jirani zimevimba. Ile ya 3D hukusanya picha nyingi kifaa kikivutwa taratibu, kompyuta ikaziunganisha. Uvimbe ukatazamwa kila upande na kupimwa ujazo. Ila haisemi kama ni saratani, hiyo ni kazi ya kinyama. Wala haioni mapafu. Hapo ni CT scan, ile mashine ya mionzi inayopiga picha za ndani ya mwili. Je, mpira ulipita hadi tumboni?

Kijana wa Mbagala: Nimefungua ripoti sasa hivi dada. Wameandika umio umebana, mpira haukupita.

Nesi Upanga: Basi simamisheni safari kwanza. Mpira wa altrasaundi kwa kawaida ni mnene kuliko ule wa awali, nao utakwama hapohapo. Vipo vijiti vyembamba vya altrasaundi vya kupenyeza, lakini mawimbi yake hayafiki mbali. Kipimo hiki kina faida kubwa uvimbe ukiwa mdogo, pale daktari anapoamua autoe kwa mpira au kwa upasuaji. Fuatilieni kinyama, CT ya kifua na tumbo, kisha muulizeni daktari wa Muhimbili au Ocean Road: jibu la 3D litabadilisha tiba gani? Na mzee awekewe mrija wa kupanua njia au hapana?

Mama Kigogo: Mwanangu, huku mkisubiri mzee asidhoofu. Uji mpe wa maziwa na karanga zilizosagwa laini, kidogokidogo, akiwa ameketi wima. Maji yakianza kumrudi, usingoje kliniki, mpeleke siku hiyohiyo.

Kijana wa Mbagala: Asanteni sana. Michango naiomba ukoo iende kwenye CT. Kesho nawahi maabara kuulizia kinyama.