Skizofrenia: mazungumzo na mwanasaikolojia au vikao vya familia?

Dada wa Tabata
Wakuu, naombeni msaada. Mdogo wangu ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili. Sindano anachomwa kila mwezi, lakini sauti bado anazisikia. Jana nimemkuta ameifunika redio kwa kanga, eti inamtaja jina. Hela iliyopo inatosha kitu kimoja: tiba ya mazungumzo ya peke yake, au vikao vya familia nzima. Kipi kina ushahidi?

Mtakwimu Ubungo
Pole dada. Tiba ya mazungumzo iliyopimwa sana ni ile iitwayo CBT, inayomsaidia mgonjwa kuyachunguza mawazo yake. Uingereza, mwongozo wa 2014 wa NICE, taasisi yao ya miongozo ya tiba, unataka kila mgonjwa apewe nafasi ya kuipata, vikao visivyopungua 16. Ila mwaka huohuo mtafiti Jauhar na wenzake walijumlisha majaribio mengi, wakapata ukubwa wa athari wa 0.33 kwa dalili zote (sifuri maana yake tiba haijaleta tofauti), nayo ni ndogo. Walipobakiza yale ambayo anayempima mgonjwa hajui nani kapata tiba, ikashuka hadi 0.15. Hapo ndipo pa kukazia macho. Kidonge unaweza kukilinganisha na cha bandia, lakini mtu aliyekaa na mnasihi miezi sita anajua alikaa naye. Wa kufichwa ni mpimaji tu, na asipofichwa anaweza kuona nafuu anayoitarajia.

Mnasihi Temeke
Mkuu, sauti kupungua si lengo pekee. Nina binti alikuwa hapandi daladala kwa hofu. Sauti anazo bado, ila Mbagala anakwenda na kurudi mwenyewe.

Mtakwimu Ubungo
Nafurahi kwa ajili yake, kweli. Ila kwa mtu mmoja hatujui kama ni mazungumzo, sindano, au muda. Vikao vya familia vina ushahidi mzuri zaidi wa kuzuia ugonjwa kurudi, ingawa majaribio mengi ni madogo. Hata hapa Dar na Mbeya elimu ya familia imefanyiwa utafiti, unaitwa KUPAA. Na vyote viwili mara nyingi vimepimwa kwa wagonjwa wanaoendelea na dawa, kwa hiyo sindano isiachwe.

Mama Juma
Kwetu baba yake alikuwa akimfokea kijana kutwa, "acha uvivu!" Kikao cha tatu ndipo alipoelewa kuwa ule ni ugonjwa. Nyumba ilitulia.

Dada wa Tabata
Asanteni sana. Naanza na familia. Shida ni baba, anasema mtoto karogwa, hospitali haendi.

Mnasihi Temeke
Usibishane naye juu ya kurogwa. Mwambie wataalamu wanataka kumsikia yeye, mwenye nyumba, mtoto alianzaje kubadilika. Atakuja.