Mrejesho: swali la seti tatu lililokuwa likitoa jibu hasi

Asanteni sana wakuu, limekubali. Kwa anayeingia sasa, swali lilikuwa hili: wanafunzi 130, 70 wanasoma Fizikia, 65 Kemia, 50 Biolojia, 35 wanasoma masomo mawili tu, 15 yote matatu. Wasiosoma hata moja ni wangapi? Nilikuwa napata −35.

Kosa lilikuwa kwenye neno "tu". Ile kanuni niliyotumia, ya kutoa makutano (walio kwenye seti zote mbili) ya mbili mbili kisha kurudisha ya zote tatu, inataka makutano kamili, yaani kila jozi ikiwa pamoja na wale wa masomo yote. Hapa 35 imeshawaweka kando hao 15. Wa masomo mawili kahesabiwa mara mbili, kwa hiyo anatolewa mara moja. Wa matatu kahesabiwa mara tatu, anatolewa mara mbili:

70 + 65 + 50 = 185
185 − 35 − (2 × 15) = 120
130 − 120 = 10

Uhakiki: wa somo moja tu ni 120 − 35 − 15 = 70. Kisha 70 + (2 × 35) + (3 × 15) = 185. Imefunga.

Swali likisema "angalau mawili ni 50", toa 15 kwanza ubaki na 35, ndipo uendelee. Mtego huu ndio unaokula alama nyingi kuliko hesabu yenyewe. Seti zikiwa mbili, jedwali la ndiyo/hapana (safu za ndiyo na hapana kwa kila seti) lina kasi kuliko mchoro wa Venn (miduara inayopishana), na swali likitoa asilimia, anza na jumla ya 100.