Naomba ushauri: safari ya kuona sokwemtu kutoka Dodoma, twende Gombe au Mahale?

Mkazi_AreaC
Wakuu habari za jioni. Tunajipanga watu watano kutoka hapa Dodoma kwenda kuona sokwemtu porini, mwezi wa nane mwishoni. Mmoja wetu ni kijana wa miaka 14, mwingine ni mama wa miaka 61 ambaye magoti humsumbua kwenye mteremko. Tuna siku nane, kwenda na kurudi. Tuchague Hifadhi ya Taifa ya Gombe au ya Mahale, zile za kando ya Ziwa Tanganyika? Tuingie msituni siku ngapi? Halafu huko ndani sokwe wanapatikanaje, ni bahati tu au kuna utaratibu? Natanguliza shukrani.

Mwisho_wa_Reli
Kwa siku nane na usafiri wa nchi kavu, nendeni Gombe. Mahale ni pazuri mno, lakini pako kama kilomita 120 kusini mwa mji wa Kigoma, ndani hakuna barabara, na boti ya kukodi kufika kule itawamalizia bajeti. Mkienda kwa boti za abiria ndiyo siku zenu zinaishia ziwani.

Kufika Kigoma, basi mnapandia stendi ya Nanenane: Manyoni, Itigi, Tabora, Kaliua, Uvinza, Kigoma. Treni ipo ila ni ile ya reli ya zamani, siyo SGR, kwa hiyo msijichanganye stesheni. Nayo huchelewa. Vyovyote mtakavyosafiri, laleni Kigoma usiku mmoja kabla ya kupanda boti. Wanaopanga kufika na kuvuka siku hiyohiyo ndio wanaopoteza siku ya msituni.

Boti za abiria zinaondokea Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji, kwenye saa sita mchana, na Jumapili hazitembei. Ni za mbao, zina injini ya nyuma, zinapeleka watu na mizigo vijiji vya mbele na kushusha Gombe njiani. Hesabuni kama saa tatu za safari, au zaidi. Jua ni kali na kivuli hakuna. Ulizeni jaketi okozi kabla ya kulipa nauli, siyo mkiwa majini. Mkikodi boti nzima, ondokeni asubuhi, kwa sababu kiangazi upepo wa mchana huamsha mawimbi.

Malipo ya hifadhi ni kwa kumbukumbu namba, hawapokei fedha mkononi. Ombeni namba mapema, na kila mtu abebe kitambulisho cha NIDA, bila hicho kiwango cha raia kitawasumbua.

Fuata_Nyayo
Nijibu hilo la bahati. Bahati ipo, ila kazi ni kubwa kuliko bahati.

Kila jioni sokwe mkubwa hukunja matawi juu ya mti na kujitengenezea kiota kipya. Mtoto anayenyonya hulala na mama yake. Wafuatiliaji hukaa nao mpaka wapande kulala, wakariri mahali, na kesho yake wako chini ya miti ile kabla hakujapambazuka. Mgeni anaongozwa kwa simu ya upepo kuelekea walikohamia. Kwa hiyo mkiambiwa muwe tayari saa kumi na mbili na nusu asubuhi, muwe mmevaa viatu, siyo mnatafuta chai. Wakishavuka kilele na kuteremkia bonde la pili, mtawakimbilia mchana kutwa.

Jambo la pili: kundi moja halitembei pamoja. Leo wako watatu hapa na saba kule, kesho wamekusanyika ishirini kwenye mti mmoja uliozaa. Hapo ndipo siku moja haitoshi. Wekeni asubuhi mbili, na mkiweza tatu. Mnaowafuata Gombe ni wa kundi la Kasekela, ambalo limezoea watu tangu utafiti wa Jane Goodall ulioanza mwaka 1960.

Njiani tegeni sikio. Mlio wao huanza chini kwa pumzi, huu, huu, unapanda kasi, unaishia kwenye mayowe, na dume hupiga mizizi mipana ya mti kwa miguu kama ngoma. Mkiusikia nyamazeni, mwongozaji anapima upande.

Tazameni na chini. Sokwe hukanyagia mafundo ya vidole vya mikono, kwa hiyo karibu na unyayo kuna vishimo vya vidole vimepangana. Wanapenda sana mabungo, haya haya mnayoyajua kwa juisi. Mkikuta ganda la bungo limepasuliwa, liokoteni kwa macho tu: likiwa na unyevu wa mate na nyama ya ndani bado ni ya njano safi, wako karibu. Kingo zikishakuwa kahawia na sisimizi wamejipanga, waliondoka zamani. Utaona pia matonge ya nyuzi yaliyotafunwa, kunyonywa na kutemwa. Gombe wanakula matunda ya michikichi (ngazi), wakati wenzao wa Mahale michikichi wanayo na hawaigusi. Kila kundi na mapishi yake.

Dokta_Mifugo_Dom
Ndugu zangu, hili msilipite haraka. Mafua ya mtu yanaua sokwe. Mwaka 2006 kundi la M kule Mahale lilipata ugonjwa wa njia ya hewa, na kirusi kilichopatikana ni cha binadamu. Kuna waliokufa. Gombe nako mwaka 1966 polio iliwapooza na kuwaua. Miili yao inafanana na yetu kiasi kwamba maradhi yanavuka, lakini kinga tuliyoizoea sisi wao hawana.

Watu wengi wanavaa barakoa msituni na kusahau njiani. Hesabu yake ni hii: mafua ya kawaida hujitokeza siku moja hadi tatu baada ya kuambukizwa. Mtu akipigwa chafya ndani ya basi pale Manyoni, ataanza kuchuruzika makamasi asubuhi ileile ya kuingia msituni. Kwa hiyo barakoa ivaliwe kuanzia Nanenane, ndani ya basi au behewa, na mikono ioshwe kila mnaposimama kula. Hapo mnawalinda sokwe na pesa yenu pia, kwa sababu mwenye kikohozi, homa au kuharisha haingii.

Msituni tumieni barakoa ya tabaka tatu, ifunike pua. Zile zenye kitufe cha kutolea pumzi hazifai, zinachuja unachovuta na kuachia unachotoa. Bebeni mbili kila mtu kwa siku, maana ikilowa jasho haichuji tena. Kaeni mita 10. Wao wakisogea, ninyi rudini nyuma taratibu. Ukikohoa usiivue, geuka na uzibe kwa kiwiko. Hakuna kutema mate. Haja kubwa ni kwenye shimo la sentimita 30 kwenda chini, mwambie mwongozaji asogee nawe mbali na njia. Muda wa kukaa nao ni saa moja tu.

Na afya yenu: Kigoma ina malaria nyingi kuliko Dodoma, muoneni daktari kabla ya safari kuhusu dawa ya kinga, na mlale kwenye chandarua. Ziwa linavutia kuoga lakini kichocho kipo.

Mkazi_AreaC
Asanteni sana, hilo la barakoa kwenye basi hatukuliwaza kabisa. Na kijana je? Na mama? Tuvae nini?

Mwisho_wa_Reli
Kijana hataingia. Gombe chini ya miaka 15 haruhusiwi kufuata sokwe, anabaki kwenye nyumba ya wageni na mtu mzima. Msijaribu kuficha umri. Sokwe huwinda watoto wa mbega wekundu, na mwaka 2002 dume mmoja wa pale alimuua mtoto mdogo wa binadamu aliyekuwa amebebwa. Umri wa 15 akiukaribia, bora msogeze safari. La sivyo pokezaneni kubaki naye, ndiyo faida nyingine ya asubuhi mbili.

Mama anaweza, ila mwambieni mwongozaji jioni ya kuamkia safari, siyo mlimani. Fimbo mbili, kushuka kwa ubavu, hatua fupi. Sokwe wakiwa juu sana asilazimishwe. Kuna njia fupi ya maporomoko ya maji ya Kakombe, na wakati mwingine sokwe hupita bondeni humo humo. Sisi wa Dodoma tumezoea joto kavu, kule jasho halikauki. Lita mbili za maji kila mtu, hata kama anasema hana kiu.

Picha_Asilia
Mavazi: suruali ndefu iliyoingizwa kwenye soksi, kwa ajili ya siafu. Ukiona mstari mweusi njiani, ruka, usisimame katikati kupiga picha. Rangi ya kaki au kijani, siyo bluu iliyokolea wala nyeusi, zinaita mbung'o. Viatu viwe na meno, raba za mjini zinateleza kwenye majani makavu kama umemwagiwa sabuni. Kata kucha za miguu, mteremko utazisukuma mbele.

Kwa simu: sokwe akiwa juu ya mti na mbingu nyuma yake, atatoka kivuli tupu. Gusa uso wake kwenye kioo, kisha vuta alama ya jua kwenda juu mpaka macho yaonekane. Taa ya kamera izimwe kabisa kabla hamjaondoka kambini.

Fuata_Nyayo
Niongeze. Dume akisimamisha manyoya na kuanza kuburuta tawi akija kwenu, msikimbie. Njia ni yake. Sogeeni pembeni, mkumbatie shina la mti, mchuchumae, mtazame chini. Hupita. Wanaopata shida ni wanaokimbilia bondeni kwa woga.

Chakula na maganda visifike walipo. Na kwenye nyumba ya wageni fungeni milango muda wote, nyani wa Gombe wanaingia na kubeba mkate mezani.

Mwisho_wa_Reli
La kurudi nalo: boti za abiria kutoka vijijini hupita Gombe asubuhi na mapema, na haisubiri mtu. Jioni ya mwisho toeni taarifa ofisini, fungeni mizigo usiku, alfajiri muwe ufukweni mkiwa na kitu cheupe cha kuipungia. Ikipita, ya kesho yake ndiyo yenu, au mkodi.