Aliyeanguka mkarafuu, oksijeni imeshuka: tuanze na lipi?

Muuguzi_Wete
Assalamu alaykum. Msimu wa karafuu ndio huu, na wachumaji wanaoanguka wataanza kuletwa vituoni. Mtu kagonga kichwa, hajitambui, anakoroma, oksimita (kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu) inasoma asilimia 86. Ikishuka dakika chache kisha ikapanda, ina madhara? Na safari ya kuvuka kutoka Pemba kwenda Unguja tumpe oksijeni kiasi gani?

Tabibu_wa_Dharura
Waalaykum salaam. Ina madhara, tena makubwa. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni na hauna akiba. Chembe zilizokwishaumia ndizo za mwanzo kushindwa: pampu zinazotoa sodiamu zinasimama, maji yanaingia, ubongo unavimba. Fuvu halitanuki, kwa hiyo shinikizo linapanda na damu inazidi kukosa njia. Kushuka chini ya 90 hata mara moja kunaendana na vifo zaidi, na presha ikiwa chini pia, ndio balaa. Kwa mtu mzima shikilia 94 au zaidi, na namba ya juu ya presha ya damu isipungue 110.

Huko kukoroma ni ulimi umeziba njia. Ukimvisha barakoa bila kufungua njia hujafanya kitu. Weka vidole nyuma ya pembe za taya, sukuma mbele, shingo isikunjwe. Aliyeanguka kutoka juu mhesabu kavunjika shingo mpaka ithibitike vyengine. Nyonya matapishi, kila mara isizidi sekunde 10. Mpira wa mdomoni wa kushikilia njia ya hewa weka iwapo hapaliwi. Wa puani uache kabisa kama damu au maji yanatoka puani au masikioni. Kisha barakoa yenye mfuko, lita 10 hadi 15 kwa dakika. Mfuko ukinywea akivuta pumzi, ongeza.

Nusukaputi_Unguja
Naongeza la ambu, yaani mfuko wa kubonyeza kwa mkono kumpulizia asiyepumua vya kutosha, maana hapa ndipo watu wanapoharibu. Wasiwasi ukishika, mkono unabonyeza kama unajaza upepo tairi ya baiskeli. Mtu mzima ni mara 10 kwa dakika, yaani kila sekunde 6, kifua kiinuke basi. Ukienda mbio, kabonidayoksaidi inashuka, mishipa ya ubongo inasinyaa, na oksimita inakuonesha 99 huku ubongo unakosa damu. Ukichelewa sana, mishipa inatanuka na shinikizo linapanda.

Kichwa kiwe juu nyuzi 30. Ukihofia mgongo, inamisha machela nzima.

Fundi_Mitungi
Hesabu ya safari: ujazo wa mtungi mara presha ya geji. Mtungi wa lita 10 wenye bar 100 una lita 1000. Kwa lita 10 kwa dakika ni dakika 100, na robo yake usiiguse. Boti ni masaa, kwa hiyo mtungi huo mmoja hautoshi. Konsentreta (mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani) ya lita 5 kwa dakika nayo haijazi mfuko wa barakoa.

Jengine: kucha zenye piko zinadanganya oksimita. Hamishia kidole kisichopakwa, au ndewe ya sikio kama kibanio kinafaa.

Muuguzi_Wete
Ahsanteni. Na mtoto wa miaka saba, ambu ni vilevile?

Nusukaputi_Unguja
La, huyo mara 20 kwa dakika. Na tumia mfuko wa mtoto. Wa mtu mzima utamjaza upepo tumboni, atapike.