Waandaaji wa mashindano ya gemu Unguja, acheni kuwatoza watoto wa banda ili wachezaji wa kulipwa wagawane

Asalaam alaykum wakuu. Hasira hizi ninazo wiki ya pili sasa. Nilisema nipoe kwanza ndipo niandike. Sijapoa, naandika hivyo hivyo.

Mtoto wa kaka yangu ana miaka 17, yuko Wete, kisiwani Pemba. Kwenye banda la gemu la mtaani kwetu hakuna anayemtoa. Utaratibu wa pale ni ule ule wa mabanda yote: anayefungwa anashuka, anayeshinda anabaki na pedi ya kuchezea. Yeye akishaishika pedi baada ya alasiri, mpaka adhana ya magharibi wenzake wanapanga foleni kuja kufungwa tu. Basi likatangazwa shindano la mpira wa gemu mjini Unguja. Tangazo limeandikwa "wazi kwa wote", limeandikwa "kukuza vipaji vya vijana wa Zanzibar". Ada shilingi 15,000. Nikamlipia. Nikalipa na boti, yake na yangu, maana mama yake asingekubali avuke peke yake. Tukalala kwa jamaa Mwanakwerekwe, asubuhi tukaingia ukumbini.

Alicheza dakika 12. Vipindi viwili vya dakika sita sita, kafungwa sita bila, na kwa kuwa ni mtoano tangu mechi ya kwanza, kazi ikaishia hapo. Saa nne asubuhi tumesimama nje ya ukumbi na begi letu, boti yetu ya kurudi ni kesho yake.

Sasa asije mtu hapa kuniambia mpira ni kufungana. Hilo nalijua kabla hujazaliwa. Nisomeni mpaka mwisho.

Aliyepangiwa naye anacheza kwa kulipwa, ana timu yake Dar. Simtaji na sina ugomvi naye, kijana mstaarabu kabisa, alimpa mkono mwenzake kabla na baada. Lakini nilimtazama tangu anafungua mkoba. Katoa pedi yake mwenyewe ndani ya kikasha. Kajifuta viganja kwa kitambaa. Kisha, kabla hata hajakaa, kachukua rimoti akaingia kwenye menyu ya televisheni, akabadilisha kitu, ndipo akakaa. Nikamuuliza kijana aliyekuwa pembeni yangu, kafanya nini pale? Akaniambia kaweka modi ya gemu. Televisheni nyingi zina kazi ya kuipamba picha kabla ya kuionesha, na upambaji huo unachelewesha picha kwa makumi ya milisekunde. Gemu inayokwenda kwa picha 60 kwa sekunde, kila picha ina milisekunde 16 na ushei tu. Kwa hiyo usipoizima ile kazi, unabonyeza sasa, mchezaji wako anapiga picha kadhaa baadaye.

Mtaniambia televisheni ilikuwa moja, wote wawili walifaidi. Hapana. Mtoto wangu vidole vyake vimefundishwa na televisheni ya banda, kuukuu, inachelewa, hakuna aliyewahi kuigusa menyu yake. Yeye amezoea kubonyeza mapema ili kufidia. Siku ile kila alichobonyeza kilitoka mapema. Beki anaruka kabla mpira haujafika, pasi inatoka kabla mtu hajajipanga. Nilidhani ameingiwa na woga. Haukuwa woga.

Na hiyo ni televisheni tu. Banda letu lina mashine ya zamani ya PS3 na gemu ya mpira ya FIFA 19, ambayo ndiyo ya mwisho kutolewa kwa mashine hiyo. Shindano lilikuwa kwenye mashine mpya ya PS5 na toleo jipya la gemu. Bandani wanacheza na ule ulinzi wa kizamani, unakandamiza kitufe kimoja beki anamfuata mtu mwenyewe. Shindanoni ulinzi huo umezimwa, beki unamsogeza mwenyewe hatua kwa hatua. Tangazo halikusema neno hata moja juu ya hayo. Lingesema, ningemtafutia mahali pa kujizoeza hata wiki mbili. Pedi aliyoizoea yeye kijiti cha kushoto kinavuta chenyewe, ukikiachia mchezaji anatembea kwenda pembeni, na wote bandani wameshajifunza kuishi na ugonjwa huo.

Lakini kilichonikaa moyoni ni neno alilonambia tulipokuwa tumekaa Forodhani jioni, urojo umepoa mbele yake hajaugusa. Aliniambia: "Ami, yule hata haangalii mpira."

Nikamuuliza anaangalia nini. Akasema macho yake yalikuwa chini, kwenye ile ramani ndogo yenye vidoto. Mtoto ana jicho, kaona penyewe. Anayecheza kwa kazi hautazami mpira kwa kuwa anajua uliko. Anatazama watu 22 wamekaaje, na akiwaona walivyokaa anajua nafasi itafunguka wapi. Tofauti yao haiko kwenye wepesi wa vidole kama wengi humu wanavyobishana. Mwaka 1973 watafiti wawili wa Marekani, Chase na Simon, waliwaonesha wachezaji wa chesi ubao wenye mchezo wa kweli kwa sekunde chache, kisha wakawataka waupange upya. Bingwa alikumbuka vipande vingi zaidi kuliko mwanafunzi. Walipotawanya vipande ovyo ovyo, ubora ule wa bingwa ukakaribia kutoweka. Kumbe kumbukumbu yake si kubwa kuliko ya mtu mwengine. Ameona michezo mingi mno hata ubao mzima anausoma kama neno moja. Mkae barazani mtazame wazee wanaocheza bao, kete 64 zimetapakaa kwenye mashimo 32, mzee anatupa jicho mara moja anajua akinyakua hapa atalalia wapi. Hakuzaliwa nayo. Amekaa pale miaka 40.

Na huko ndiko kwenye dhuluma. Jicho lile linanunuliwa kwa saa. Mtoto wetu asubuhi yuko skuli, mchana yuko chuoni kusoma Kurani, anabakiwa na kipande cha alasiri, na hapo analipia kwa mechi, umeme ukikatika hela imekwenda. Ukimwambia ajizoeze mtandaoni kwa bando, seva, yaani kompyuta inayoendesha gemu, iko mbali. Ikiwa Ulaya, mwanga wenyewe ndani ya waya unachukua milisekunde zaidi ya 60 kwenda na kurudi, hapo bado hujahesabu mtandao wa simu. Yule wa Dar anaamka, anafunga mlango, anacheza, kwa sababu ndiyo ajira yake. Mkiwakalisha wawili hawa kwenye kochi moja, mmepima saa za mazoezi na mfuko wa mzazi. Kipaji hamjakigusa.

Hesabu ya haya ipo miaka mingi. Arpad Elo, profesa wa fizikia Marekani mwenye asili ya Hungaria, alitengeneza mfumo wa kupima viwango ambao shirikisho la chesi la dunia liliuchukua mwaka 1970, na gemu nyingi za ushindani leo zinatumia mfumo huo au zilizotokana nao. Kwa hesabu yake, wawili wakitofautiana alama 400, wa juu anatarajiwa kupata pointi 10 kwa kila 1 ya wa chini. Yaani nafasi yako ni 1 kati ya 11. Ukipangiwa wawili wa namna hiyo mfululizo kwenye mtoano, ni 1 kati ya 121. Ndiyo maana gemu zenyewe zina madaraja. Ukiingia eFootball, gemu ya mpira, kwenye simu unaanza daraja la 10, unapanda kidogo kidogo. Simu ya kijana wa Wete inajua kumtenganisha na bingwa, na nyie wenye kamati, ukumbi na spika mmeshindwa? Mpira wetu wa miguuni hapa visiwani una Ligi Kuu, una madaraja ya chini, una ligi za vijana. Nani amewahi kuichukua timu ya maskani akaitoza ada, akaipeleka uwanja wa Amaan kupigwa na timu ya Ligi Kuu, kisha akaita kukuza vipaji?

Na msiniambie hamkujua nani ni nani. Nilipiga picha karatasi ya ratiba, ninayo. Washiriki 64. Waliovaa jezi za timu zinazowalipa walikuwa sita. Hao sita hawakukutana wao kwa wao raundi ya kwanza, wala ya pili, wala ya tatu. Mliwatawanya juu na chini ya ratiba kwa makusudi wasitoane mapema. Kwa hiyo viwango mnavijua! Mmevitumia kuwalinda walio juu, mkashindwa kuvitumia kuwalinda walio chini. Nusu fainali, wote wanne walitoka kwenye hao sita.

Twende kwenye pesa. Zawadi ya kwanza 500,000, ya pili 200,000. Jumla 700,000. Ukiwatoa hao sita, watu 58 waliobaki, kwa 15,000 kila mmoja, walitoa 870,000. Zawadi yote imetoka mifukoni mwa watoto ambao wengi wao walishikishwa pedi dakika 12. Ukumbi una gharama, nakubali, na mdhamini pia alikuwepo, bango lake lilikuwa kubwa kuliko televisheni.

Najua kuna jibu linakuja, nimeshalisikia pale pale ukumbini kwa mmoja wa waandaaji: "Mtu hakui bila kupigwa na wakubwa." Mkuu, umeishika nusu ya maneno. Mwaka 2019 kijana wa Lahore, Pakistani, Arslan Ash, alishinda shindano kubwa la EVO la Japani kwenye Tekken, gemu ya kupigana, na mwaka huo huo akashinda EVO ya Las Vegas. Dunia haikuwa ikimjua. Nusura hata Japani asifike, kwa shida za viza na ndege. Alipoulizwa ametokea wapi akasema kwao wapo wengine wazuri kama yeye. Knee, Mkorea ambaye ni gwiji wa gemu hiyo, akafunga safari kwenda Pakistani kujionea, na vijana wasiojulikana wakamfunga kweli. Walikulia wapi? Kwenye mabanda kama letu! Wakicheza kila siku na aliyemzidi mwenzake kidogo, wanafungwa leo, wanarudi kesho kwa mtu yule yule, mara 20, mara 50, mpaka wanamsoma. Kupigwa kwa namna hiyo kunafundisha. Kupigwa mara moja, sita bila, na mtu ambaye hutamwona tena, kisha ukaambiwa toka nje mwengine akae, mtoto anajifunza nini pale?

Mngetaka kweli kukuza, yule yule kijana wa Dar mngemwalika siku moja kabla, mkamlipa, akakaa na watoto hawa akawaonesha ile ramani ndogo. Mtoto wangu angevuka bahari hata kwa hilo tu. Na shindano mngeligawa. Wanaolipwa wawe na lao na ada yao. Wa mabanda wawe na lao, lianze kwa makundi ili kila mmoja acheze angalau mechi tatu. Bingwa wa mabanda akitaka kuwavaa wakubwa, apandishwe akiwa amejiandaa. Na aina ya mashine, toleo la gemu na mipangilio ya ulinzi viandikwe kwenye tangazo, kwa herufi zinazosomeka, kabla ya namba ya kutumia pesa.

Wapo humu wanaoandika kila baada ya shindano kwamba vijana wa Unguja na Pemba hawajui gemu. Mnawaumiza bure. Mtoto aliyeona kwa dakika 12, akiwa anafungwa, kwamba mpinzani wake hautazami mpira, huyo hajui gemu?

Waandaaji mmo humu, nawaona mkiweka matangazo. Limetangazwa jengine baada ya Idd, ada imepanda hadi 20,000, na bado limeandikwa "wazi kwa wote". Mtoto kashaniomba hela, juzi usiku, kwa sauti ya chini mama yake asisikie. Nimemwambia nasubiri nione ratiba mmeipangaje. Iwekeni hapa.