Nikiwepo kazi inaenda, nikitoka inalala. Tatizo ni mimi, watu au mazingira?

Mleta uzi:
Wakuu, habari za muda huu. Naombeni ushauri, povu ruksa.

Nina miezi saba tangu nipewe kusimamia kitengo cha watu tisa. Kabla ya hapo nilikuwa mwenzao. Mimi nimelelewa na mzee ambaye kwake kuchelewa dakika tano ni kuvunja ahadi, na ukikosea unaambiwa palepale, mbele ya watu, yanaisha. Ndivyo nilivyokua, ndivyo ninavyoongoza. Nimeweka ubao karibu na mlango. Anayechelewa jina lake linapanda kwa wino mwekundu. Viambaza vya kati ya meza nimeviondoa ili watu washirikiane, na meza yangu nimeigeuza iwatazame wote.

Miezi miwili ya kwanza ripoti zilitoka kabla ya wakati. Siku hizi nikiwepo ni kimya, unasikia vidole tu kwenye kibodi. Juzi nilisafiri siku tatu. Narudi, nakuta faili la mteja lina hesabu mbovu tangu Jumatatu. Watu wanne wameliona, hakuna aliyegusa. Nauliza, mmoja ananijibu: "Tulikuwa tunakusubiri wewe, bosi."

Nikaze zaidi, nibadilishe watu, au kuna kitu sikioni?

Kobe_Taratibu:
Kaza, mkuu. Watu wakizoea kubembelezwa kazi haiendi. Ongeza ubao wa pili.

FundiSaa:
Kobe, unampoteza mwenzio.

Mwaka 1939 mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake, Lippitt na White, walichapisha jaribio la vikundi vya watoto wa kiume wa takriban miaka 10, waliokuwa wakifanya kazi za mikono kama kutengeneza vinyago vya kuvaa usoni. Kuna kiongozi aliyeamuru kila hatua, kuna aliyeshauriana nao, na kuna aliyewaachia wajifanyie. Walioamriwa walichapa kazi kiongozi akiwa chumbani. Akitoka, kazi inadorora. Walioshirikishwa waliendelea hata akiwa hayupo. Walioachiwa kazi yao ilikuwa hovyo kuliko ya walioshirikishwa, kwa hiyo usije ukalegeza kila kitu ukadhani ndiyo dawa.

Ulichotuandikia ni kilekile, umri tu ndio tofauti. Na huyo Lewin alishasema mwaka 1936 kwamba tabia ni zao la mtu na mazingira yake kwa pamoja. Kwake swali lako la "watu au mazingira" halikatwi vipande viwili.

MamaRipoti:
Mimi niguse hivyo viambaza. Watafiti Bernstein na Turban walipima kampuni mbili kubwa zilizohamia kwenye ofisi ya wazi, wakachapisha matokeo 2018: mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa takriban asilimia 70, ujumbe wa kompyuta ukaongezeka. Yaani waliondoa kuta ili watu waongee, watu wakanyamaza.

Siwashangai. Nimekaa kwenye chumba cha hivyo. Ukimuuliza jirani swali, umeuliza ukumbi mzima. Nilikuwa namwandikia barua pepe mtu ambaye nikinyoosha mkono namgusa bega. Sasa kwako ongeza na wino mwekundu. Nani atainuka aseme "jamani, namba hii nimeikosea"?

Mleta uzi:
Nimewaelewa, lakini kuwahi na kusema kweli ndiyo misingi yangu. Niitupe?

FundiSaa:
Nani kasema uitupe? Umetaja misingi miwili, na ubao wako unaipiganisha. Kwenye viwanda vya Toyota kuna kamba, siku hizi kwingine ni kitufe: mfanyakazi yeyote akiona kasoro anaivuta au anakibonyeza, kiongozi wake anakuja kusaidia, na isipotatuliwa upesi mstari wa uzalishaji unasimama. Kukiri kasoro kumewekewa kifaa, mtu ananyoosha mkono tu. Kwako kuwahi kuna ubao. Kusema kweli umekuwekea nini?

AsiyeNaCheo:
Mimi ni wa kusimamiwa, niseme la huku chini. Aliyekujibu "tulikuwa tunakusubiri" ndiye mkweli wa hiyo ofisi. Wewe ulimjibuje?

Mleta uzi:
Nilimwambia hilo si jibu. Mbele ya wenzake.

AsiyeNaCheo:
Basi wanane waliobaki wamekusikia vizuri.

Mleta uzi:
Wakuu, mrejesho. Jana jioni nilimwita nikamwomba radhi, akaitikia "sawa bosi" akaondoka. Leo asubuhi nimefuta majina yote ubaoni nikaandika kosa langu: jedwali la lile faili nililipitisha mimi mwenyewe bila kulikagua. Hakuna aliyesema kitu. Nimerudi kutoka mapumziko ya mchana nikakuta chini yake mstari wa pili, wino wa bluu, herufi ndogondogo, hauna jina. Kuna hesabu nyingine mbovu, ya mwezi uliopita.

Kobe_Taratibu:
Mimi bado nasema kaza. Ila usianze kutafuta ule mwandiko ni wa nani.